Mselem na Mwili wa Upepo

Mbele ya duka la Abdulrahman, yule Msomali wa mablanketi pale Mayfair, Johannesburg, karibu na robot, zile taa za barabarani, palikuwa na benchi refu la kanisa. Jacques ndiye aliyelileta. Kanisa lao huko mjini lilihama ghorofa, mabenchi yakatupwa chini, naye akabeba moja begani mpaka kwa Waislamu, na wengi walilikalia miaka bila kujua kwamba mgongoni mwake pamechongwa msalaba. Hapo ndipo Bi Tabia wa Tanga alipouzia kahawa yake ya tangawizi: birika, jiko dogo la gesi, ndoo ya kuoshea vikombe, sinia la kashata. Wanywaji walikuja wakaenda, lakini wenye benchi walikuwa wanne. Salum aliitwa Redio, kwa kuwa akiwashwa hazimiki. Jumbe wa Unguja aliitwa Nyota, maana hata akipaliwa na mate atakwambia ni nyota. Jacques wa Lubumbashi, kinyozi, ndiye Mashine. Na wa nne Mselem, fundi cherehani, wao wakimwita Sindano. Kabla ya saa tano hakuna hata mmoja aliyekuwa na kazi ya maana, na maneno yao yangekuwa unga, Jozi nzima ingekula ikasaza.

Jumanne hiyo, katikati ya baridi ya mwezi wa sita, kilichokuwa kinazungumzwa ni kidole. Kidole cha mguu wa kulia cha Mselem, kile cha pili kutoka dole gumba. Mselem ana sukari mwaka wa saba huo. Kiatu kipya kilimchuna mwezi wa nne, kidonda kikakataa kupona, kidole kikabadilika rangi, na hospitali ya serikali ikamwambia arudi Alhamisi asubuhi, tumbo tupu, kitolewe kabla ubovu haujapanda juu.

Mselem akasema haendi.

— Mimi mwili wangu ni wa upepo, alisema, mguu umefungwa kitambaa, ameuweka juu ya kreti la soda kama mgeni wa heshima. Mtu wa upepo hakatwi.

Bi Tabia alikuwa anasuuza vikombe. Yeye alimjua Mselem tangu Tanga, tangu Mselem akiwa kijana mwembamba anayeshona vitambaa vya meza barazani kwa mjomba wake. Na alikuwa na kaka, Bi Tabia, kaka wa tumbo moja, ambaye naye alianza na kidole. Kikaja kisigino. Likaja goti. Mwisho walimtoa hospitali ya Bombo amefunikwa shuka. Miaka thelathini na moja imepita na Bi Tabia bado anaikumbuka rangi ya shuka ile. Lakini hakusema. Angesemaje, na yeye mwenyewe mkono wake ulikuwa ndani ya jambo hili la upepo.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Wiki tatu nyuma Salum alisikia kwamba mtaa wa Fordsburg, juu ya duka moja la vitambaa, yupo mzee wa Kihindi, mganga wa dawa za kwao za asili, anayeshika mkono wa mtu tu akajua mwili wake umeumbwaje. Wahindi hao, Salum alisema, wanajua kwamba mwili una vitu vitatu: upepo, moto na maji. Kila mtu kazaliwa na kimoja kimevizidi vingine, na ugonjwa wote unatoka hapo. Mselem akapata moyo. Tabu ni kwamba mzee yule alikaa ghorofa ya nne na lifti imekufa, na Mselem hata ngazi tatu za msikiti alizipanda akiwa ameshikwa.

Jumbe ndiye aliyetatua. Akauliza, kwani kwetu mgonjwa huwa anabebwa mpaka kwa mganga? Mgonjwa analala kwake, anatumwa mtu mwenye akili, anachukua jina la mgonjwa, jina la mama wa mgonjwa, na shati alilolivaa lenye jasho lake. Mganga anaangalia, jibu linarudi. Mama yake Jumbe alipona hivyo, shangazi yake alipona hivyo. Kila mtu akaona maneno hayo ni ya mtu mzima. Bi Tabia mwenyewe akalikunja shati la Mselem vizuri, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, Salum akaondoka nalo.

Mhindi, kwa hadithi ya Salum, alikuwa mzee msafi wa miwani, chumba kinanukia mafuta ya ufuta. Jina la mama hakuuliza. Mfuko wenye shati aliusogeza pembeni kwa adabu. Akamkalisha Salum, akamshika mkono wa kulia, akaweka vidole vitatu juu ya mshipa, akafumba macho muda mrefu. Kisha maswali: usingizi unakatika? Tumbo linajaa? Ngozi inakauka? Kiingereza cha Salum ni kile cha kuuzia chaja za simu, kwa hiyo alijibu yes kwa yote. Mzee akaandika karatasi: upepo umezidi. Ale vya moto, vyenye mafuta, vitamu. Maziwa ya moto na samli, tende, sukari guru. Ajipake mafuta ya ufuta, aikwepe baridi, apumzike.

Salum akarudi na karatasi, na akarudi pia na vidole vitatu vinavyojua kila kitu.

Tangu siku hiyo hapakunyweka kahawa kwa raha. Kila anayekaa Salum anamdaka mkono. Kidole cha kwanza, alisema, kinasikia upepo, na upepo unatambaa kama nyoka. Cha pili kinasikia moto, nao unaruka kama chura. Cha tatu kinasikia maji, yanakwenda taratibu kama bata. Jumbe akaambiwa ana chura. Akafurahi sana, akasema ndiyo sababu wake zake wawili walimkimbia, hawakuuweza moto.

— Walikuja kunywa kahawa hapa wote wawili, Bi Tabia akasema. Hawakutaja moto. Walitaja uvivu.

Jumbe akamwambia Bi Tabia ni mtu wa maji, watu wa maji wana ulimi mbaya. Bi Tabia akamjibu kwamba kikombe chake cha pili basi atakunywa maji.

Asubuhi hiyo ya Jumanne Jacques ndiye aliyeanza kulipanua. Yeye alisema hata nchi zina miili. Congo ni maji, mvua na mito mpaka basi. Tanzania ni upepo, watu wanaongea tu. Afrika Kusini ni moto, tazama madereva wa teksi. Sasa ukimchukua mtu wa upepo ukamleta kwenye moto, upepo unavimba. Ndiyo maana watu wetu wanaumwa huku.

— Na wewe wa maji mbona huumwi? Salum akauliza.

— Miye maji yangu iko ya moto tayari, Jacques akasema. Kama chai.

Wakacheka, hata Mselem akacheka. Alikuwa anamung'unya kipande cha sukari guru, kimetengeneza uvimbe shavuni. Kila asubuhi kwa wiki tatu alianza na kipande hicho. Kisha tende saba. Kisha bilauri ya maziwa yenye samli, ambayo Bi Tabia alimchemshia kwa mkono wake kabla hata hajabandika kahawa ya wateja. Vidonge vya sukari alivyopewa hospitali alivisimamisha, kwa sababu Salum alisema vidonge vile ni vya baridi na baridi inauchokoza upepo.

Jumbe hakupenda kupitwa na kinyozi. Akanyoosha miguu, akamwambia Jacques kwamba ya nchi ni ya kitoto, yeye ameshapajua upepo ulipoingilia.

— Cherehani, alisema. Nisikizeni. Huyu bwana miaka arubaini anakanyaga pedeli kwa mguu wa kulia. Juu, chini, juu, chini. Hiyo ni nini kama si pampu? Kajijaza upepo mwenyewe, kama mtu anavyojaza baiskeli. Na kidonda kimetoka wapi? Mguu huohuo.

 Salum akapiga paja. Akasema ndio, imekaa, na ukitazama hivyo ndipo unapoona ubaya wa hospitali, maana mwili uliojazwa lazima uwe na mahali ulipozibwa. Kidole kile si kidole tena. Ni kizibo. Ni kama ile valvu ya tairi.

— Wakikikata? Mselem akauliza.

— Utashuka, Salum akasema. Pole pole. Leo mguu, kesho kiuno. Watakurudisha nyumbani umekunjika kama shati.

— Tena ukishushwa upepo wa miaka arubaini, Jumbe akaongeza, hakuna wa kukurudishia.

Bi Tabia akakibamiza kikombe ndooni. Akawaambia kwamba amekaa na wanaume wajinga maisha yake yote, babake alikuwa mmoja, mumewe Mungu amrehemu alikuwa wa pili, lakini hawa wa benchi la Mayfair wangepewa bendera yao. Akamuuliza Jumbe wauza kuku wangapi wamekufa kwa kupuliza moto wa mkaa, kwa kuwa nao si wanatoa upepo mchana kutwa. Akamuuliza Salum, huyo Mhindi alisema habari za valvu? Salum akakiri kwamba hapana, hilo la valvu ni la kwake mwenyewe, amelifikia kwa kufikiri.

— Basi acha kufikiri, Bi Tabia akasema. Hukuumbiwa.

Lakini Mselem hakucheka safari hii. Aliutazama mguu wake pale juu ya kreti. Alisema kwa sauti ya chini, Bi Tabia peke yake akasikia vizuri kwa kuwa alikuwa karibu:

— Dada Tabia, mashine za siku hizi zinakwenda kwa mguu huu huu. Wakianza kidole wataishia wapi? Mimi nikitolewa kwenye cherehani ni nani hapa mjini? Mzee tu wa karatasi za ukaazi zilizokwisha muda.

Bi Tabia akataka kumwambia habari za shuka.  Badala yake akamwongezea maziwa.

Ndipo alipokuja mwanamke mmoja kutoka upande wa stesheni, mnene, koti la baridi juu ya kitenge, mfuko mkubwa wa vitambaa kwapani. Akasimama mbele ya benchi akihema. Jina lake Agnès, mtu wa Bukavu, anasuka nywele Doornfontein, na kwaya yao ilikuwa na sherehe mwisho wa mwezi.

— Bonjour, mama. Bonjour, bapapa. Niko natafuta fundi Sindano. Nilienda kwake siku tatu, mlango inafungwa tu. Wakanituma hapa.

Mselem akainua mkono. Agnès akauona mguu, akasahau vitambaa. Akampa pole ndefu ile ya Kikongo, ya kuanzia wewe mpaka wajukuu. Jacques akamsogezea nafasi, Bi Tabia akampa kahawa, na benchi zima likafurahi kupata mtu ambaye hajasikia hata kidogo. Wakamweleza yote. Upepo, moto, maji. Nyoka, chura, bata. Salum akamshika mkono akamwambia ni mtu wa maji na moto kidogo. Jumbe akatoa pampu. Salum akatoa valvu. Wakamweleza hospitali inavyotaka kukata Alhamisi, na Mhindi wa Fordsburg alivyogundua kwamba hakuna haja, ni upepo tu, na karatasi ipo, Salum akaichomoa mfukoni ikiwa imelowa jasho na samli.

Agnès alisikiliza vizuri. Hakuwa mtu wa kubisha. Alitikisa kichwa penye kutikisa, akapuliza kahawa yake, akasema kwao Bukavu pia walikuwa na jirani Mhindi mwenye dawa nzuri za tumbo, anawaheshimu. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anavyouliza bei ya nyanya:

— Na wakati aliona hiyo kidole, alisema nini?

Salum akafungua mdomo.

— Alishika mkono, akasema.

— Ndiyo, mkono. Nauliza kidole.

— Kidole... hakukiona.

— Kwa nini hakuona? Papa alivaa kiatu?

Mselem akasema yeye hakwenda. Ngazi zilikuwa nyingi. Alikwenda Salum.

Agnès akamtazama Mselem, akamtazama Salum, akautazama mkono wa Salum ambao bado ulikuwa juu ya kifundo cha mkono wake, vidole vitatu vimepangwa.

— Sasa, alisema, ule mzee alishika mkono ya nani?

Gari zikapita. Robot ikageuka nyekundu, ikageuka kijani. Abdulrahman alikuwa mlangoni kwake na blanketi begani, naye akawa anangoja jibu. Jacques akakuna ndevu. Salum akauondoa mkono wake pole pole, akauingiza kwenye mfuko wa koti, na hakuutoa tena. Ndiyo usingizi ulikuwa unamkatika, Salum. Ndiyo ngozi yake ilikuwa inakauka, magoti yote meupe kila baridi ikiingia. Aliyajibu yale maswali yote, na alikuwa ameyajibu kweli.

Jumbe akakohoa. Akaanza kusema kwamba lakini lilikuwepo shati.

— Jumbe, Bi Tabia akasema. Nyamaza.

Hakupandisha sauti. Alikuwa anaitazama bilauri ya Mselem, aliyoichukua kuijaza tena, samli imeelea juu, manjano, nzuri, ya kumpa mtu mwembamba asiyelala usiku. Wiki tatu. Asubuhi ishirini na moja ameikoroga kwa kijiko chake mwenyewe, akampa mtu mwenye sukari, akasimama akimngoja amalize, tena akimkaripia akisaza. Wakati ule Tanga alikuwa mdogo, wakubwa ndio walioamua habari ya kaka yake. Hapa mkubwa alikuwa nani? Alikuwa amewadharau wanaume hawa mwezi mzima, na shati alilikunja yeye.

Akaimwaga bilauri kwenye mtaro. Akaenda mpaka kwa Mselem, akamnyooshea kiganja chini ya kidevu.

— Tema.

Mselem akamtazama, shavu limetuna, na kwa umri wake wote na miwani yake ya kushonea akatema kile kipande cha sukari guru kiganjani mwa Bi Tabia.

— Toa mguu.

— Dada Tabia, hapa mbele za watu?

— Hawa si watu. Toa.

Akachuchumaa, akafungua kitambaa, Agnès akisaidia upande wa kisigino. Kilikuwa kimegandana, ikabidi wakiloweshe kwa maji ya ndoo. Walipofika mwisho, Jumbe Nyota alinyanyuka akaenda kusimama karibu na robot, amewapa mgongo. Salum alibaki amekaa, ameinamisha kichwa. Jacques alisema neno moja la Kifaransa, taratibu, lile wanalolisema msibani.  Bi Tabia alikuwa ameshawahi kuiona rangi hiyo, mguuni mwa kaka yake.

— Kunauma? akauliza.

— Hakuumi, Mselem akasema, kwa fahari kidogo, kama mtu anayetoa habari njema. Siku nyingi hakuumi.

Bi Tabia akakifunga tena kwa mtandio wake msafi. Akazima gesi. Birika lilikuwa bado nusu, na wateja wawili wa Kisomali walikuwa wamesimama wanangoja, akawaambia wamwambie Abdulrahman awamiminie, leo bure. Akamtaka Mselem ainuke. Agnès akaacha vitambaa vyake juu ya benchi la kanisa, akashika kwapa la kushoto. Jacques akaenda barabarani akanyoosha kidole hewani, ile ishara ya teksi za mjini, kwa kuwa mwenye kuijua vizuri zaidi, Salum, mkono wake ulikuwa mfukoni.

— Leo ni Jumanne, Mselem akasema. Waliniambia Alhamisi.

— Najua waliyokwambia.

— Na sijafunga. Nimekula.

— Utawaambia umekula nini. Chote. Usifiche hata tende moja.

Teksi ikasimama, dereva akapiga honi na huku wanamwona. Mselem akashika mlango, mguu mmoja juu, mwingine ukining'inia ndani ya mtandio wa maua, akamgeukia Bi Tabia. Uso wake ulikuwa wa yule kijana wa barazani Tanga.

— Na wakikikata?

— Watakikata wamekiona, Bi Tabia akasema, akamsukuma ndani.